Anza Chini, Kwenye Mizizi: Bwana Shamba Ajibu Maswali ya Wakulima wa Chai

Kwa miaka mingi nimekuwa bwana shamba wa chai katika Nyanda za Juu Kusini, na maswali ninayoulizwa karibu yote huanzia kwenye jani. Jani limekuwa njano, jani limejikunja, jani limekataliwa kiwandani. Ni haki kuanzia hapo, kwa kuwa jani ndilo linalotulipia ada za watoto. Lakini mchai ni mti wa kudumu. Ukitunzwa huvuka miaka 50, na yapo mashamba yaliyopandwa na mababu ambayo wajukuu wanayachuma leo. Mti wa namna hiyo mara nyingi huwa umeugua siku nyingi kabla jani halijasema. Kinachoonekana juu mwaka huu huenda kilianza ardhini mwaka juzi.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, usichoke nikikurudisha chini kila mara. Chukua jembe, fukua kidogo, tazama udongo na mizizi, halafu ndipo tuzungumze habari ya mbolea na dawa. Maswali yenyewe nimeyakusanya vijijini na kwenye vituo vya kukusanyia majani. Majina ya waulizaji nimeyaacha.

Shikamoo bwana shamba. Sikuchuma chai yangu miezi saba kwa sababu nilikuwa nauguza. Sasa imerefuka, imejaa maua meupe na vitunda. Je, imeharibika? (Mama mkulima, Bukoba)

Marahaba, mama, na pole kwa kuuguza. Chai yako haijaharibika, imerudi kwenye asili yake tu. Mchai ni wa ukoo wa kamelia, vichaka ambavyo China na Japani hupandwa bustanini kwa ajili ya maua yake. Jina hilo limetokana na Georg Joseph Kamel, mtawa Mjesuiti aliyechunguza mimea ya Ufilipino na kufariki mwaka 1706. Hata leo jina la kitaalamu la chai ni Camellia sinensis. Ukiuacha, hukua ukawa mti wa mita kadhaa, ukachanua na kuzaa. Kuchuma ndiko kunakouweka katika hali ya kuchipua daima.

Ila maua mengi katika shamba linalochumwa kila wiki ni habari nyingine. Mara nyingi hayo ni malalamiko: mti una njaa ya naitrojeni, au ukame umeubana, au mizizi imeumia, au muda wa kupogoa umepita. Kwako sababu inajulikana. Kama meza ya kuchumia, yaani usawa wa juu wa vichaka, bado iko chini ya kiuno, kata juu kidogo uisawazishe na uendelee kuchuma. Kama imekupita kifuani, subiri wakati wa kupogoa. Na mbegu hizo usizipande. Miche ya mbegu haifanani, mmoja huchipua upesi na mwenzake hulala. Shamba jipya lianze na miche ya vipandikizi kutoka kwenye aina inayojulikana.

Katikati ya shamba langu kuna duara la hatua kama kumi na mbili. Chai ya hapo ni njano na imedumaa. Nimeongeza mbolea mara mbili bila mafanikio, na pembeni yake chai ni nzuri kabisa. (Mkulima, Lupembe)

Kabla hujanunua mfuko wa tatu, waulize wazee: hapo zamani palikuwa na nini?

Nakuambia hivi kwa sababu nilijifunza kwa gharama ya mtu mwingine. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilikuta duara kama lako, nikaagiza mbolea. Msimu uliofuata nikaagiza tena, zaidi. Chai ikazidi kufifia. Niliporudi mara ya tatu, bibi wa nyumba ile alikuwa amekaa barazani anachambua maharage. Akasema kwa upole, "Mwanangu, hapo ndipo lilipokuwa jiko la mama yangu, na zizi la ng'ombe nyuma yake." Nikachimba kina cha mkono. Pembeni udongo ulikuwa mwekundu, lakini pale ulikuwa wa kijivu, laini kama unga, na ndani yake nikaokota kigae cha chungu na vipande vya mkaa. Yule mkulima alikuwa amepoteza fedha za misimu miwili kwa sababu mimi sikuuliza wala sikuchimba.

Chai hupenda udongo wenye tindikali, pH kati ya 4.5 na 5.6. Majivu ya miaka mingi huondoa tindikali hiyo, na kwenye hame, yaani mahali walipoishi watu zamani, pH inaweza kupita 6. Hapo mizizi hushindwa kuchukua madini inayoyahitaji hata kama yapo, na mbolea unayoongeza inakuwa kama chakula mbele ya mtu asiyeweza kumeza. Peleka udongo wa duara na udongo wa pembeni ukapimwe, kila mmoja kwenye mfuko wake. Tofauti ikiwa ndogo, salfa ikichanganywa na udongo, pamoja na mbolea ya salfeti ya amonia, hurudisha tindikali polepole, nawe uwe na subira ya miaka. Tofauti ikiwa kubwa, panda migomba au maharage hapo, maana hame ni ardhi yenye rutuba kwa mazao hayo.

Tangu leo, majivu ya jikoni yasiingie kwenye chai. Usichome takataka shambani. Na jirani akimwaga chokaa kwenye mahindi yake, usimwige kwenye chai yako.

Shamba langu lote limepauka. Wengine wananiambia ni mbolea, wengine wananiambia ni ugonjwa. Nitajuaje? (Kijana, Rungwe)

Tazama ni jani lipi limeanza, la zamani au changa. Hilo peke yake litakuondolea nusu ya mashaka.

Kichaka chote kikipauka, machipukizi yakawa membamba na banji nyingi (vile vichipukizi vilivyolala bila kuendelea), hiyo kwa kawaida ni njaa ya naitrojeni. Majani ya zamani yakiungua kingo na kuanguka, kichaka kikabaki kitupu ndani, shuku potasiamu. Jani la zamani likiwa njano kati ya mishipa huku katikati likibaki na umbo la kijani, shuku magnesi. Majani machanga yakitoka madogo, membamba, yamepinda kama mundu na kujikusanya pamoja, ni zinki, na hiyo hunyunyizwa kwenye majani.

Majani machanga yakiwa njano na mishipa yake ya kijani, fikiria salfa. Ugonjwa huo uliwasumbua sana wakulima wa Nyasaland, ambayo sasa ni Malawi. Watu walidhani ni maambukizi, hadi mwaka 1933 H. H. Storey, mtafiti wa kituo cha Amani kule Usambara, hapa hapa nchini kwetu, pamoja na R. Leach, walipoeleza kwamba mti ulikuwa unakosa salfa tu. Mashamba yaliyodhaniwa yana ugonjwa yalikuwa na njaa.

Kipimo cha mbolea: wakulima wadogo wa Kenya wamezoea mfuko mmoja wa kilo 50 kwa mashina 700, yaani kama gramu 70 kwa shina. Ni mahali pazuri pa kuanzia kwa mbolea ya NPK 25:5:5 au inayokaribiana nayo, ambayo mfuko wake una kilo 12.5 za naitrojeni. Palilia kwanza. Weka wakati udongo una unyevu lakini mvua kubwa haijaanza, itawanye chini ya kichaka, isirundikwe kwenye shina.

Na kama upaukaji uko bondeni tu, usiweke kitu. Fukua. Mizizi ikiwa myeusi na inanuka tope, shida yako ni maji yaliyotuama, na tiba yake ni mfereji.

Shina moja lilikauka ghafla, majani yakabaki yananing'inia. Baada ya miezi mitano likafuata la jirani yake, sasa yamekuwa sita. Nipige dawa gani? (Mkulima, Usambara)

Mzee wangu, hapa dawa ya kupiga kwenye majani haikusaidii. Chukua kisu, fukua udongo shingoni mwa shina linaloanza kunyauka, kisha inua gome taratibu. Ukiona utando mweupe umebandika juu ya mti kama karatasi iliyolowa, upeleke puani. Ukinusa harufu ya uyoga, huo ni ugonjwa wa mizizi wa Amilaria. Mara nyingi utaona pia gome limepasuka kwa urefu karibu na ardhi.

Amilaria ni kuvu anayeishi katika mizizi ya miti ya msituni. Mti ukikatwa ukiwa hai, mizizi yake hubaki imejaa wanga, na wanga huo ndio chakula cha kuvu huyo. Akishaushiba, hutambaa kutoka mzizi hadi mzizi mpaka aifikie chai. Ndiyo maana karibu na mashina yaliyokufa mara nyingi kuna kisiki cha zamani, hata kama kimeshafunikwa na udongo.

Ng'oa mashina yaliyokufa, na yale ya jirani yanayoonyesha dalili. Fuata kila mzizi unaozidi unene wa penseli, kwa kuwa kipande kimoja kikibaki ugonjwa unabaki. Ng'oa na kisiki. Vyote vitoe nje ya shamba ndipo uvichome, usije ukaponya ugonjwa ukatuachia majivu. Pengo liache bila chai kwa muda, ukipanda majani ya malisho kama gwatemala, na uendelee kuokota mizizi inayojitokeza.

Na anayefungua shamba jipya penye miti, abandue gome kuzunguka shina la kila mti mwaka mmoja na nusu hadi miwili kabla ya kuukata. Mti hufa polepole huku ukimaliza wanga wake wenyewe, na kuvu akija anakuta ghala tupu.

Mwaka jana nilipogoa pamoja na jirani yangu, kwa panga lile lile. Chai yake imechipua vizuri, yangu mashina mengi yamekufa. Kwa nini? (Mama mkulima, Mufindi)

Dada yangu, tumetoka kuzungumza juu ya wanga, na jibu lako limo humo humo. Ukipogoa, unaondoa majani yote, yaani jiko lote la mti. Kwa wiki kadhaa mti unaishi kwa akiba iliyoko mizizini. Mwenye akiba huchipua. Asiye nayo hufa.

Akiba hiyo unaweza kuiona kwa macho. Kabla ya kupogoa, fukua mzizi wenye unene wa penseli, ukate, halafu dondoshea iodini kwenye mkato, ile ile ya kahawia inayopakwa kwenye vidonda. Subiri kidogo. Mkato ukigeuka buluu nyeusi, wanga upo, pogoa. Ukibaki na rangi ya kahawia ya iodini yenyewe, mti ni fukara. Uache bila kuchumwa wiki kadhaa ujijenge, kisha pima tena. Nimeshuhudia mashina mawili ya mstari mmoja yakitoa majibu tofauti, moja likawa jeusi mara moja, jingine lisibadilike hata kidogo. Juu yalikuwa yanafanana.

Huenda chai yako iliingia kwenye kupogolewa ikiwa imechoka kwa ukame au njaa, au imechumwa mno hadi siku ya mwisho. Kwa vichaka dhaifu, acha tawi moja au mawili yenye majani yakilishe shina mpaka machipukizi yatoke, ndipo uyakate.

Mengine ni haya. Pogoa kila baada ya miaka 3 au 4, wakati wa baridi, udongo ukiwa bado na unyevu, kamwe si katikati ya kiangazi kikali. Anza sentimita 45 hadi 50 kutoka ardhini, na kila unaporudia panda sentimita 5, hadi ukikaribia 70 ndipo unashuka tena. Panga liwe kali, mkato uwe laini na wa mshazari, kwa sababu tawi lililopasuka ni mlango wa kuvu wa kuozesha mti. Matawi uliyokata yafunike juu ya vichaka yakinge jua, kisha yaozee hapo hapo shambani. Najua kuni ni shida, lakini kila mzigo unaoubeba kwenda jikoni ni mbolea uliyoinunua mwenyewe. Machipukizi yakirefuka, kama miezi mitatu baadaye, yakate kwa usawa sentimita 10 juu ya mkato ili meza mpya ianze.

Kiangazi kikifika, majani ya chai iliyo kando ya barabara yanageuka rangi ya shaba. (Mkulima, Mufindi)

Geuza jani juani utazame kwa karibu. Vidoa vyekundu vinavyotembea ni utitiri mwekundu. Hupenda joto, ukavu na vumbi, ndiyo maana umeanzia kando ya barabara. Mvua ya kwanza huwaosha wengi. Chai iliyoshiba na yenye mizizi mirefu huvumilia kuliko iliyo na njaa, na mchai mkubwa katika udongo mzuri hushusha mizizi zaidi ya mita 3. Palizi ya jembe linalozama ndani hukata ile mizizi midogo ya juu inayolisha mti, basi tumia mkono au jembe lisilozama. Ukilazimika kupiga dawa, tumia ile tu iliyoruhusiwa kwa chai, na uhesabu siku zilizoandikwa kwenye kopo kabla ya kuchuma. Jani la chai halioshwi kabla ya kwenda kikombeni.

Kituoni wanakataa majani yangu, nami nayachuma kwa mikono yangu. (Kijana, Rungwe)

Mwanangu, tazama mambo matatu. La kwanza, unachuma nini? Kinachotakiwa ni majani mawili na chipukizi, pamoja na banji laini. La pili, unarudi lini? Wakati wa mvua mzunguko ni siku 7 hadi 14, kutegemea kasi ya kuchipua. Ukichelewa, jani linakomaa, nawe unachuma makapi. Weka ufito juu ya kichaka, chuma kilichouzidi, usivunje chini yake. La tatu, unabebaje? Jani lililochumwa bado linapumua, linatoa joto. Ukilishindilia kwenye gunia la nailoni na kuliacha juani, linaungua na kuwa jekundu kabla ya kufika kwenye mzani. Tumia kikapu chenye matundu, weka kivulini, peleka siku hiyo hiyo.

Miche yangu inastawi kitaluni, nikiihamishia shambani inakufa mwaka wa pili. (Mkulima, Njombe)

Ng'oa mmoja uliokufa tuone mzizi. Nimeng'oa mingi, na mara nyingi nimekuta mojawapo ya haya: mzizi umepinda kama ndoana kwa sababu shimo lilikuwa fupi, au kiriba hakikutolewa, au mche umezikwa mpaka shingoni. Chimba shimo la sentimita 45, pasua kiriba ukitoe chote, na usawa wa udongo ubaki ule wa kitaluni. Matandazo ya nyasi ni mazuri, ila yakae mbali na shina upana wa kiganja. Nafasi ya futi 4 kwa futi 2½ inakupa miche 4,356 kwa ekari. Ukihesabu hivyo, pengo hutalidharau.

Nimerithishwa ekari mbili na babu. Marafiki wanang'oa chai wanapanda parachichi. Nami ning'oe? (Kijana, Rungwe)

Swali lako ninaliheshimu, kwa kuwa bei ya majani na ucheleweshaji wa malipo naujua. Parachichi ni zao zuri, na mtu kulinda riziki yake si kosa. Ninachokuomba ni usiamue kwa kutazama shamba la rafiki yako.

Kwanza, parachichi nalo hushikwa na Amilaria. Ukipanda juu ya mizizi ya chai iliyougua, unamletea kuvu chakula kipya. Pili, mchai uliokwisha kushika ardhi hukupa kitu kila mwezi, nao mparachichi utausubiri miaka kadhaa. Shamba lililopauka kwa njaa, lenye mapengo, lisilopogolewa miaka sita, halijakuonyesha bado linaweza nini. Huenda nusu ya ekari moja ndiyo imechoka kweli, na hapo ndipo pa kupanda parachichi.

Jumamosi hii chukua daftari, tembea mstari kwa mstari. Andika mashina mazima, yaliyodumaa na mapengo. Fukua mizizi mitano sehemu mbalimbali uidondoshee iodini. Kisha kaa na babu yako jioni umuulize: miti mikubwa ilikuwa wapi, jiko la zamani lilikuwa wapi, mwaka gani alipogoa mara ya mwisho. Yeye anajua kilichofunikwa na udongo huo kuliko mimi. Ukiwa na hesabu hiyo niite, nitakuja tukae watatu tuamue.